Maji Yanayopita Usiku

Jedwali lina mistari kumi na miwili, mmoja kwa kila mwezi. Mistari minane imeandikwa "kavu". Mitatu ina namba ndogo za kupendeza: tope NTU 14, tope NTU 22, tope NTU 9 (NTU ni kizio cha ukungu wa maji). Mmoja uliobaki, wa Januari, umeandikwa "hapakufikika, maji mengi".

Ni jedwali la kituo kimoja cha kupima ubora wa maji kwenye korongo linalomwaga kwenye mto Kinyasungwe, huku Dodoma. Aliyelijaza hakudanganya popote. Alikwenda kila mwezi kama alivyoagizwa, akakuta mchanga, akaandika kavu. Alipokuta maji, alipima. Alipokuta maji ya kumbeba yeye na pikipiki yake, aligeuza akarudi, na hapo alifanya la busara.

Limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, kwa sababu ukilisoma vile lilivyo utaapa kwamba korongo hili ni safi.

Wanaoishi kando yake watakucheka.

## Maji ya Dodoma huenda wapi

Mvua ikishanyesha Dodoma ina njia tatu. Inayoangukia upande wa Bubu huishia Bahi, kwenye majaruba ya mpunga na ardhi ya chumvi, wala haioni bahari. Inayoshuka na Kizigo huingia Mtera, ikapokewa na Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, hadi kwenye mikoko ya delta. Ile inayoshika Kinyasungwe hupita Gulwe na Godegode, ikakutana na Mkondoa upande wa Kilosa, ikawa Wami, ikamwagika baharini jirani na Saadani.

Hii ya tatu ndiyo ninayoizungumzia. Mlango wa Wami ni hori la maji ya mseto, mto ukisukuma huku na bahari ikisukuma kule, mara mbili kwa siku. Kuna mikoko pale, na wavuvi wa kambamiti wana hoja ya msingi wanapouliza nini kinashuka kutoka bara.

Tusizidishe lakini. Wami ya Septemba hailishwi na Dodoma; inalishwa na milima ya Ukaguru, Rubeho na Nguru, ambako vijito vinatiririka mwaka mzima. Na njiani tope la kwetu lina mahali pengi pa kutua: bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 kwenye Kinyasungwe Ndogo na linaloendelea kujaa udongo, kisha mbuga na mabwawa madogo kuelekea uwanda wa Mkata. Kinachofika baharini kutoka Dodoma ni kile kinachobebwa na mafuriko makubwa. Maji ya kawaida hayafiki popote. Yanazama kwenye mchanga.

Ratiba ya kupima mara moja kwa mwezi ilitungwa kwa mito ya milimani. Kule inafaa, kwa sababu maji ya tarehe 5 yanafanana na ya tarehe 20. Korongo la Chamwino au Kongwa linaweza kupitisha sehemu kubwa ya maji yake ya mwaka kwa saa chache, tena mara nyingi usiku, maana mvua zetu hupenda kushuka alasiri na jioni, na maji yakifika kwenye kituo watu wameshalala.

Asubuhi mpimaji anakuta mchanga uliolowa na kijimkondo cha kupitia kidole.

## Hesabu ya saa moja

Nilishawishika kwa hesabu, si kwa maelezo ya mtu. Hii hapa, kwa namba za mfano ambazo kila mtu anaweza kuzirudia.

Chukua furiko la kawaida: mita za ujazo 20 kwa sekunde, tope gramu 3 kwa lita. Gramu 3 kwa lita ni kilo 3 kwa mita ya ujazo. Zidisha kwa 20, unapata kilo 60 za udongo kila sekunde. Kwa saa moja ni tani 216.

Sasa chukua kijimkondo cha kesho yake: lita 50 kwa sekunde, tope miligramu 20 kwa lita. Hiyo ni gramu moja kwa sekunde. Mwezi mzima wa siku 30 unakupa tani 2.6.

Saa moja ya usiku ule ni sawa na miezi 83 ya maji yale yanayopimwa.

Punguza namba za furiko nusu kwa nusu kama hukubaliani nazo. Bado mpimaji wa mara moja kwa mwezi anakusanya taarifa za kitu ambacho hakina uzito wowote kwenye safari ya kwenda baharini. Namba zake ni sahihi, na hazina kazi kwa swali alilotumwa.

Hapo ndipo mashaka yangu yalipogeuka. Mwanzoni nilidhani shida ni vifaa, kwamba tukipata mita nzuri zaidi mambo yatanyooka. Sivyo. Mita ya shilingi milioni tano ikienda korongoni saa nne asubuhi ya siku ya jua itakuletea NTU 14 zilezile, labda na desimali moja ya nyongeza.

## Nguzo ya chupa

Kama mtu hawezi kuwepo usiku, chupa iwepo.

Kifaa chenyewe ni cha zamani na kinatengenezwa na fundi yeyote wa kuchomelea. Bomba la chuma la inchi mbili, urefu mita tatu. Mita moja inaingia ardhini na kumiminiwa zege, pembeni mwa korongo na si katikati, upande wa chini wa jiwe kubwa au nguzo ya daraja ili magogo yasiligonge moja kwa moja. Kwenye bomba unafunga chupa za plastiki ngumu za nusu lita kwa kimo tofauti: sentimita 20, 50, 90, 140.

Kila kifuniko kina matundu mawili yaliyozibwa vizuri kwa silikoni, na kila tundu lina mrija wenye uwazi wa milimita 6 hivi. Mrija wa maji unazama ndani ya chupa hadi karibu na kitako, na kwa nje umepindwa juu kisha ukashuka, kama mpini wa mwavuli. Mrija wa hewa unaishia ndani sentimita mbili au tatu chini ya kifuniko, na kwa nje unapanda juu zaidi ya ule wa kwanza, angalau kwa sentimita 15, ncha yake ikitazama mkondo unakoelekea. Maji yakipanda hadi kufunika mpindo wa mrija wa kwanza, yanavutwa kuingia na hewa inatokea kwa wa pili. Yakifika kwenye ncha ya ndani ya mrija wa hewa, hewa iliyobaki juu inabanwa na chupa inaacha kujaa. Maji yanayokuja baadaye hayaingii kirahisi.

Asubuhi unakuta chupa nne, kila moja na maji ya kimo chake wakati furiko likipanda.

Yanayoharibika ni mengi na yanajirudia. Nyigu wa udongo ndio adui wa kwanza. Wanajenga ndani ya mirija wakati wa kiangazi, na chupa inabaki tupu siku ya mvua bila wewe kujua kwa nini. Usifunge chupa kabla ya katikati ya Novemba, na kila ukipita puliza kila mrija usikie hewa inatoka. Adui wa pili ni mifuko na matawi yanayojisokota kwenye bomba. Yaondoe baada ya kila furiko, la sivyo yanageuza mkondo na chupa za chini zinachota maji yaliyotulia. Wa tatu ni sisi binadamu. Chupa nzuri yenye kifuniko itaondoka kwenda kubebea mafuta ya alizeti. Kutoboa kifuniko hakuzuii, maana anayeichukua anagundua tundu akishafika nyumbani.

Halafu vimo. Usipime kimo cha chupa kutoka kwenye mchanga. Kitanda cha korongo kinapanda na kushuka baada ya kila furiko, wakati mwingine kwa sentimita 40 na zaidi. Chagua alama isiyohama, msumari kwenye zege la daraja au rangi kwenye mwamba, na vimo vyote vihesabiwe kutoka hapo.

Swali lililonisumbua zaidi ni hili: maji yaliyokaa kwenye chupa, juani, siku mbili, yanafaa kupimiwa nini?

Uzito wa tope, ndiyo, ilimradi chupa yote ipimwe. Chumvi, yaani upitishaji umeme, ndiyo, kama haikuvuja. Fosforasi yote kwa jumla, kwa tahadhari, kwa kuwa sehemu kubwa imeshikamana na udongo wenyewe. Nitrati, baada ya siku moja juani, mimi siiamini tena. Bakteria na oksijeni, hapana kabisa.

Kuna upungufu mwingine wa kimaumbile. Nguzo inachota maji ya juu, tena wakati yanapanda tu. Mchanga mzito unaosafiri chini haumo. Na maji ya kimo kilekile hayafanani yakipanda na yakishuka: kwa kawaida tope linatangulia kilele cha maji, kwa hiyo sentimita 90 za kupanda zinaweza kuwa na udongo maradufu ya sentimita 90 za kushuka. Upande wa kushuka unahitaji mtu mwenye ndoo na kamba, juu ya daraja.

## Ndoo, kamba na kuelea

Anayechota asimame juu ya daraja au kwenye ukingo wa mwamba, asishuke korongoni. Furiko la Dodoma hufika chini ya anga safi, kwa sababu mvua imenyesha vilimani, mbali na macho yako. Kamba isifungwe kiunoni wala mkononi. Gogo likinasa ndoo, unaiachia. Suuza ndoo mara tatu kwa maji yaleyale kabla ya kujaza chupa, isipokuwa kama unachukua sampuli ya bakteria.

Kiasi cha maji ni lazima kiandikwe, hata kwa makadirio. Gramu kwa lita peke yake haikuambii mzigo. Pima urefu wa mita 20 kando ya korongo mahali lilipo nyoofu, rusha kipande cha mti au chungwa juu ya mkondo, hesabu sekunde, rudia mara tano, chukua wastani. Kasi ya juu zidisha kwa 0.85 kupata kasi ya wastani wa kina. Zidisha kwa eneo la mkato wa korongo, ambalo ulilipima kwa kamba na rula siku ya kavu.

Na hapo pana mtego. Mkato ulioupima Novemba si wa Februari. Kwa korongo la mchanga, mkato upimwe upya baada ya kila furiko kubwa, vinginevyo mita za ujazo unazoandika ni za korongo ambalo halipo tena.

## Namba moja, maana mbili

Karatasi za matokeo zina magonjwa yake.

Nitrati ndiyo inayonikera kuliko zote. Kuna wanaoandika kama nitrojeni na wanaoandika kama nitrati kamili, na tofauti ni mara 4.43. Ukikuta "11" bila maelezo, inaweza kuwa miligramu 11 za nitrati kwa lita, jambo la kawaida tu. Inaweza pia kuwa 11 za nitrojeni, ambazo ni karibu 49 za nitrati, pua na mdomo na kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha 50 kwa maji ya kunywa. Namba ileile. Kwa mji unaokua kasi kama Dodoma tangu serikali ihamie, wenye vyoo vya shimo vingi na maji ya chini ya ardhi yanayonywewa, kuacha jambo hili wazi ni uzembe.

Vipimo vya rangi, vile vya kuweka kidonge na kulinganisha, vinakwama kwenye maji yetu mekundu. Chuja kwanza kwa kichujio cha maikromita 0.45, papo hapo korongoni, ndipo upime. Kwa fosforasi kumbuka kuchukua chupa mbili, moja iliyochujwa na moja isiyochujwa. Ukichuja zote umeitupa ile iliyoganda kwenye udongo, na hiyo ndiyo inayosafiri hadi bwawani na kulisha mwani wa kijani.

Mrija wa kupimia tope, ule unaomiminiwa maji hadi alama ya kitakoni isionekane, unafaa sana Machi na Aprili maji yakitulia. Kwenye furiko, alama ya chini inapotea kabla maji hayajafika sentimita tano. Changanya kopo moja la sampuli na makopo tisa ya maji safi, soma, zidisha kwa 10, na uandike kwamba ulizimua. Hata hivyo NTU si miligramu. Udongo mfinyanzi mwembamba unatia ukungu mwingi kwa uzito mdogo, mchanga unafanya kinyume. Kila korongo lina uhusiano wake, na unaujua ukishapima sampuli 20 au 30 kwa njia zote mbili, kuanzia maji mepesi hadi uji.

Uzito wenyewe maabara inaupata kwa kuchuja kwenye karatasi ya nyuzi za kioo, kukausha kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi 105 kwa saa moja, kupoza bila unyevu, kupima, na kurudia hadi uzito usibadilike. Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kumimina nusu ya chupa. Ukimimina, mchanga unabaki chini na wewe unapima maji ya juu. Chupa yote ichujwe, na kama ina tope zito mno, igawanywe kwenye karatasi kadhaa.

Oksijeni: Dodoma mjini ni kama mita 1,120 juu ya bahari. Jedwali la usawa wa bahari linasema maji ya nyuzi 25 yakishiba yana miligramu 8.3 kwa lita. Hapa yanashiba kwenye 7.2 hivi. Mita isiyoambiwa mwinuko itakuonyesha upungufu ambao haupo. Na saa ya kupima iandikwe. Dimbwi lenye mwani linajaa oksijeni saa tisa alasiri na kukaukiwa nayo alfajiri.

Chumvi ndiyo kipimo rahisi, ndiyo maana kinapuuzwa. Mita inasawazishwa kwa kimiminika cha maikrosimensi (kizio cha upitishaji umeme) 1,413 kwa sentimita, na ukame wa hewa yetu unakivukiza ukiacha kichupa wazi. Kikishavukizwa kinakuwa kikali zaidi ya kilivyoandikwa, na mita uliyoisawazisha nacho itasoma chini kwenye kila sampuli baada ya hapo. Mimina kidogo kwenye kikombe, tumia, mwaga. Usirudishe. Inafaa kuwa makini hapa, kwa sababu mwenendo wa chumvi unaeleza mengi: maji ya kwanza kabisa ya msimu yanaosha chumvi iliyopanda juu ya ardhi kiangazi kizima, mita inaruka, furiko linaizimua, kuanzia Mei inapanda tena polepole kwenye madimbwi na visima vya mchangani. Maji ya Hombolo yana chumvichumvi, na wenyeji hawahitaji mita kuwaambia.

## Bakteria hawasubiri

Sampuli ya bakteria ndiyo inayoamua maabara ikae umbali gani na korongo.

Chupa iliyotakaswa, mililita 250, ifunguliwe majini, mdomo ukielekea mkondo unakotoka, na ifungwe ikishatolewa, ikiachwa nafasi ndogo ya hewa. Iwekwe gizani ndani ya deli la barafu, chini ya nyuzi 10, na ianze kupimwa ndani ya saa 6. Saa 24 ni mwisho, tena kwa shingo upande. Kutoka Kongwa vijijini hadi maabara ya mjini, bodaboda anaiwahi kama barabara haijakatwa, na siku ya furiko barabara imekatwa.

Kwa hiyo kipimo kifanyike hukohuko. Kifaa cha kubebeka chenye kiatamio cha betri kinatosha: chuja, weka utando kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, uache saa moja hadi nne kwenye joto la kawaida ili waliodhoofu waamke, kisha nyuzi 44 kwa saa 16 hadi 18. Makundi ya njano ndiyo ya kuhesabu.

Maelekezo yanasema chuja mililita 100. Kwenye maji ya furiko utando unaziba kabla ya kumaliza 20, na zikipita, unapata ukurasa mzima wa njano usiohesabika. Chukua mililita 1, na nyingine 1 kutoka kwenye sampuli iliyozimuliwa mara 10, zote ukiziongezea maji yaliyotakaswa ili zisambae. Makundi 23 kwenye mililita 1 ni 2,300 kwa kila mililita 100. Na kila siku ya kazi chuja sahani moja ya maji yaliyotakaswa matupu. Ikiota kitu, siku hiyo yote ni ya kutupa.

Namba za furiko la kwanza zitatisha. Miezi saba ya kinyesi cha ng'ombe na mbuzi inashuka kwa pamoja, na mjini kuna wanaosubiri mawingu ili watapishe vyoo, wakijua maji yataficha. Mpimaji anayefika wiki tatu baadaye haoni hilo. Ila mama aliyechimba kisima chake mchangani palepale ameshakunywa.

## Mlango wa Wami

Kule chini saa ya kupima inapangwa na bahari. Ukifika maji yakijaa unapima bahari. Ukifika yakipwa, mto. Siku za bamvua tofauti ni kubwa zaidi. Kwa kutafuta cha bara, chota wakati maji yanatoka, karibu na mwisho wa kupwa, na shusha kipimo cha chumvi kila nusu mita hadi chini, kwa sababu maji ya mto ni mepesi na yanaelea. Juu unaweza kusoma maikrosimensi mia chache, na mita mbili chini ukakaribia zile 50,000 za bahari. Sampuli moja ya juu haielezi hori.

Chumvi hiyo inalifanyia tope jambo moja. Chembe za mfinyanzi ambazo kwenye maji baridi zinasukumana na kukataa kutua kwa siku nyingi, zikikutana na chumvi zinashikana na kuzama. Maji ya hori yanaweza kung'aa wiki moja baada ya mafuriko ya bara, na tope lote liko chini, kwenye mizizi ya mikoko na matandiko ya kambamiti. Pale mrija wa NTU haufai kitu. Chomeka vijiti vya plastiki kwenye matope ya mikoko, pima urefu uliobaki juu Novemba, na urudi kupima Juni.

## Kama fedha ni ya vituo vitatu

Na kwa kawaida ndivyo ilivyo.

Cha kwanza ningekiweka Kinyasungwe Ndogo, juu ya Hombolo, kwa nguzo ya chupa na mtu mmoja wa kijijini aliye tayari kuamka. Alipwe kwa furiko, si kwa mwezi, pamoja na pesa ya vocha, na kila sampuli aipige picha ikiwa kando ya kipimo cha kimo ili saa ijiandike yenyewe kwenye simu. Cha pili, chini ya bwawa, pale maji ya ziada yanapomwagikia. Tofauti ya viwili hivi ndiyo tope linalobaki Hombolo, na bila kuijua tutaendelea kubishana kama Dodoma inachafua pwani au inajichafua yenyewe.

Ratiba iachane na tarehe: furiko la kwanza bila kukosa, mengine matatu makubwa ya msimu, dimbwi la Mei, kisima cha mchangani Septemba. Kwenye fomu ziongezwe safu tatu, yaani saa, kimo, na kama maji yalikuwa yanapanda au yanashuka.

Kituo cha tatu kiko Gulwe. Mto umeshakusanya makorongo mengi ya juu na bado haujakutana na maji ya milima ya Kilosa, kwa hiyo kinachopimwa pale kinatoka kwetu bila ubishi. Reli ya Kati inapita bonde hilo, na mafuriko yameshaikata mara nyingi, yale ya Desemba 2009 na Januari 2010 yakiwa mabaya kupindukia. Ni eneo linalohama: ukingo wa mwaka huu si wa mwaka jana. Usichimbie nguzo kwenye udongo pale, itakwenda na maji msimu wa kwanza. Ifungwe kwa pingu za chuma kwenye mhimili wa zege wa daraja, na kibali cha wenye reli kiombwe mapema, ikiwezekana Juni, maana kikichelewa hadi Desemba furiko la kwanza litakuwa limeshapita.